Madrasa kahifadhi juzuu nzima, shuleni anasahau kila kitu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Anayeninyima usingizi ni huyu wa kwanza, binti wa miaka 15, yuko Kidato cha Pili.

Shule ya msingi hakuwahi kunisumbua. Alisoma shule ya serikali na darasa la saba akafaulu vizuri, mtaa mzima ukanipongeza. Tangu aingie sekondari mambo yamegeuka. Mtihani wa nusu muhula kaniletea Kiswahili 78, Historia 31, Biolojia 23, Fizikia 19. Na si mvivu, Mwalimu, naapa. Kila siku baada ya isha anakaa kwenye meza ninayokatia nguo, anasoma mpaka saa saba usiku. Usingizi ukimzidi anatia miguu kwenye beseni la maji baridi. Juzi alfajiri nimemkuta amelalia daftari, miguu bado imo kwenye maji, nyayo zimekunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua.

Jioni anatembea uani huku na huku na daftari mkononi, Kiingereza kinamtoka kama maji. Siku moja nikamuuliza, mwanangu, hayo unayosema maana yake nini? Akanitazama, akarudia yale yale kwa Kiingereza. Nikamwambia nieleze kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mtihani hauji kwa Kiswahili."

Kwenye mtihani wa Biolojia kulikuwa na swali la mche uliomwagiwa maji ya chumvi: kwa nini ulinyauka? Yeye akaandika maana ya osmosisi. Kapata sifuri. Alilia sana, anasema aliandika kitu sahihi. Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji tu, lakini nilichukua daftari nikalinganisha neno kwa neno na alichoandika. Kweli hakukosea hata herufi moja.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Madrasa alihifadhi juzuu Amma yote, ile sehemu ya mwisho ya Qurani, akiwa na miaka tisa, na mpaka leo hajaisahau. Mwamshe usiku wa manane, mtajie sura, atakusomea. Sasa kichwa kile kile kinawezaje kushika huku na kumwaga kule?

Mwalimu wake mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kinavuja. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono darasani. Baba yake anataka tumhamishie bweni. Jirani amenielekeza kwa mtu anayeuza vidonge vya kuongeza kumbukumbu, chupa shilingi 45,000, na mimi nimeshaweka pembeni 30,000. Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili uko mwisho wa mwaka, na asipofikia alama atarudia. Nifanyeje?

Mama wa Kidato cha Pili, Tanga

---

Marahaba mama,

Hizo 30,000 zirudishe kwenye mtaji wa vitambaa leo hii. Hakuna kidonge cha kumkumbusha mtu jambo ambalo hakulielewa, na anayekuuzia chupa ya dawa mtaani ili umnyweshe mtoto wa miaka 15 usimfungulie mlango. Bweni nalo liacheni kwa sasa. Atahama na sanduku lake, godoro lake, na namna yake ile ile ya kusoma.

Kichwa cha binti yako hakivuji. Ushahidi umeuandika mwenyewe kwenye barua, ila umeusoma kama fumbo wakati ni jibu. Nimefundisha Biolojia miaka 24, na miaka mingi kati ya hiyo niliwaambia watoto "nendeni mkakariri" bila kuwaonyesha maana ya neno hilo. Kwa hiyo nalizungumza hili kwa uchungu.

Hebu tuangalie alivyosoma madrasa. Ustadhi anampa aya chache. Kesho yake anakaa mbele ya ustadhi, msahafu umefungwa, anasoma kutoka kichwani. Akikwama anasogezewa neno moja, anaendelea. Akikosea anasahihishwa papo hapo. Kabla ya kupewa sura mpya anarudia ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Halafu sura hizo hizo anazisalia. Juzuu Amma ina sura 37, nyingi ni fupi, na mtoto anayeswali huzitoa kifuani siku zote za maisha yake. Kwa miaka yote hiyo binti yako hakuwa akitumbulia macho karatasi. Alikuwa akivuta maneno kutoka ndani, tena na tena, kwa siku zilizopishana.

Kuvuta huko ndiko kunakokaza kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Kuna habari walizozisoma mara mbili. Kuna nyingine walizozisoma mara moja, kisha wakazifunika na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Lakini waliopimwa baada ya wiki moja walikuwa wamebakiwa na asilimia 42 ya habari walizosoma mara mbili, na asilimia 56 ya zile walizojijaribu nazo. Ona jinsi jambo hili linavyomdanganya mtoto. Usiku ule wa kusoma anajiona ameiva. Mtihani unakuja baada ya wiki, anakuta kweupe.

Na hadanganyiki kwa uzembe. Ukipitia ukurasa mara ya kumi, macho yanauzoea, na mazoea yanafanana sana na kujua. Wewe ni fundi, utanielewa. Mteja unaweza kupishana naye sokoni miaka mitano, sura yake unaijua, salamu mnapeana, lakini kiuno chake hukijui mpaka siku uliyomzungushia tepu. Binti yako anapishana na osmosisi kila usiku. Hajawahi kuipima.

Sasa nifike kwenye ile sifuri iliyomliza, maana hapo ndipo penye kiini cha barua yako.

Qurani inataka ihifadhiwe kama ilivyo, herufi kwa herufi, na ustadhi yupo kuhakikisha hivyo. Biolojia haitaki hivyo. Biolojia inamletea mtoto mche ulionyauka ambao haumo kwenye daftari, na kumwambia: kwa unachokijua, nieleze kilichoutokea. Binti alileta maelezo sahihi ya kitu sahihi, lakini hayakugusa mche. Ni kama mteja akuletee kitambaa anataka gauni la harusi, nawe umrudishie kitambaa kile kile kimekunjwa vizuri. Kitambaa ni kizuri, hakina tundu, lakini gauni liko wapi?

Wengi wetu tumekua tukidhani kumbukumbu ni kabati: unaweka, unafungua, unakikuta kama ulivyokiweka. Haiko hivyo. Muingereza mmoja, Frederic Bartlett wa Cambridge, alitoa kitabu mwaka 1932 akieleza alivyowasomesha watu hadithi ya wenyeji wa Marekani ya Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie upya baada ya muda. Waingereza wale waliibadilisha bila kujua. Mtumbwi ukawa mashua tu, kwenda kuwinda sili kukawa kwenda kuvua samaki. Mambo ya mizimu ambayo hawakuyaelewa wakayaacha au wakayanyoosha yaingie akilini mwao. Hawakuwa wakisema uongo. Mtu anapokumbuka anashona upya, na anashonea vipande alivyonavyo tangu zamani. Asipokuwa na kipande, pale panabaki wazi, au anaweka kiraka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza binti yako ni hili: ana kipande gani cha kushonea osmosisi? Daftarini hana. Jikoni kwako anacho.

Mama, unapotengeneza kachumbari, unakata vitunguu, unatia chumvi, unavifikicha, unaviacha kidogo. Ukirudi unakuta bakuli lina maji. Hukutia maji. Yametoka wapi? Yametoka ndani ya kitunguu. Kila chembe ya kitunguu imezungukwa na utando unaopitisha maji kirahisi na kuizuia chumvi. Nje chumvi ni nyingi, ndani ni kidogo, basi maji yanavutwa kwenda kwenye chumvi, na kitunguu kinalegea. Hiyo ndiyo osmosisi. Sasa mche: udongo umemwagiwa maji ya chumvi, mizizi iko ndani ya udongo huo. Maji ya mizizi yanaelekea wapi? Binti yako bila shaka amefikicha vitunguu tangu utotoni. Jibu la swali lile alikuwa nalo viganjani, ila hakuna aliyemwambia kwamba neno la Kiingereza lililo daftarini na maji ya kwenye bakuli ni kitu kimoja.

Mwaka 1972 huko Marekani, John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani: panga vitu kwa mafungu, usivifanye vingi kwa mara moja, ukikosea gharama yake ni kubwa. Maneno yote mepesi, lakini wasikilizaji hawakushika kitu. Walioambiwa mapema kwamba hayo ni maelezo ya kufua nguo walikumbuka karibu mara mbili ya wenzao. Walioambiwa baada ya kusikiliza hawakufaidika, maana nyuzi zilishapita bila kitambaa cha kuzishika. Watoto wetu wengi wako hapo. Wanaingia Kidato cha Kwanza kutoka shule za msingi walikosomeshwa kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, na mwalimu anajaza ubao kabla ya kuwaambia habari inahusu nini.

Kuna na jambo la nafasi. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya sasa hivi ni finyu, kama vitu vinne hivi kwa wakati mmoja kwa mtu mzima. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na unaishika kwa sababu zile za mwanzo za mtandao unazijua tayari, zinakaa kama kitu kimoja. Mtoto anayepambana na sentensi ya Kiingereza anatumia nafasi yote hiyo kutafuta maana ya neno la tatu, huku la kwanza limeshaanguka. Hiyo 78 ya Kiswahili inakuonyesha akili yake inavyofanya kazi ikiwa haijabebeshwa mzigo wa lugha.

Ndiyo maana nakuomba ufanye jambo ambalo pengine baba yake ataliona dogo mno kwa tatizo kubwa hivi. Kila jioni, wewe ukiwa kwenye cherehani, yeye daftari limefungwa, mwambie: "Nieleze mlichosoma leo." Kwa Kiswahili. Usiogope kwamba wewe hukusoma Biolojia, kutojua kwako ndiko kutakakomsaidia. Mwalimu akielezwa nusu anaijazia mwenyewe kichwani, wewe hutajazia. Utauliza, "Sasa hayo maji yanajuaje pa kwenda?" na hapo yeye atagundua tundu lililomo kwenye kujua kwake, ambalo daftari haliwezi kumwonyesha. Akikwama, afungue daftari asome sehemu hiyo tu, alifunge, aendelee. Sawa na ustadhi kumsogezea neno.

Kesho yake, kabla ya somo jipya, dakika tano za la jana. Baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limepotea, kisha kusahau kukapunguza kasi. Kusahau ni maumbile. Anayerudia kwa siku zilizopishana anapunguza kusahau huko, na kila akirudi kinachopotea ni kidogo zaidi.

Usidhani naidharau kazi ya kukariri. Jedwali la kuzidisha, alama za elementi, tahajia za maneno ya Kiingereza, hayo ayakariri na yamtoke bila kufikiri, ili nafasi ile finyu ibaki kwa jambo gumu.

Akikueleza kitu kwa namna isiyo sahihi, usimkemee, na wala usifurahi tu kwamba ameongea. Mtoto hujenga maarifa hata pale ambapo hakufundishwa vizuri, na wakati mwingine hujenga kombo. Niliwahi kuwa na kijana aliyeandika bila kosa maana ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Nikamtoa nje, nikamwonyesha mwembe wa shule, nikamuuliza: mti wote huu, magogo na matawi, umetokana na nini? Akajibu bila kusita, "Udongo, Mwalimu." Daftarini alikuwa na hewa ya kabonidayoksaidi, kichwani alikuwa na udongo, na viwili hivyo havikuwahi kukutana. Simlaumu. Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa zamani wa huko ambako sasa ni Ubelgiji, alipanda mti kwenye pauni 200 za udongo, akaumwagilia miaka mitano. Mti ukafika pauni 169, udongo ukapungua wakia mbili hivi tu, chini ya robo pauni. Akathibitisha kwamba mti hauli udongo, halafu akahitimisha kwamba wote umetokana na maji. Hewa hakuifikiria, maana hakuwa na kipande hicho. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648. Mtoto akikosea namna hii, mpe kitu cha kuona na swali linalofuata.

Beseni liondoe. Saa nne usiku awe kitandani. Wakati amelala ubongo unaendelea kukaza alichojifunza mchana, kwa hiyo zile saa za kuanzia saa nne hadi saa saba zinamtia hasara mara mbili: hashiki anachosoma, na anapunguza nguvu ya alichosoma mapema. Najua itakuwa vigumu kumwona amelala huku wenzake wanakesha. Simama imara katika hilo.

Kuhusu Kiingereza binti ana hoja, na tusimdanganye. Mtihani kweli hauji kwa Kiswahili. Ila mpangilio ndio unaookoa: kwanza aelewe kwa lugha anayoiota, kisha aandike sentensi zake mwenyewe za Kiingereza, tatu au nne, asizinakili. Zitakuwa mbovu mwanzoni. Amwombe mwalimu wa Kiingereza amsahihishie mara moja kwa wiki. Atafute mitihani ya miaka iliyopita ya Kidato cha Pili aanze nayo sasa, asiisubiri Oktoba, na ajifunze maneno yanayoongoza maswali: lipi linamtaka ataje, lipi aeleze, lipi alinganishe. Swali la mche lilimtaka aeleze sababu. Yeye alisikia "taja maana".

Nenda na shuleni. Usiende kugombana. Mwombe yule mwalimu dakika kumi, mwambie mtoto ameacha kunyoosha mkono na tangu lini. Walimu wengi tumewahi kutamka neno lililomkaa mtoto kuliko somo lenyewe, na mzazi akija kwa heshima tunasikia. Ukiwa huko uliza kama anaona ubao vizuri. Na ukiona anasahau hata mambo ya kawaida ya nyumbani, au anaganda katikati ya mazungumzo kama hayupo, mpeleke hospitali. Kwa ulivyonieleza, sioni dalili hiyo.

Alama za mtihani ujao huenda zisipande sana, jiandae. Wiki tatu za kwanza yeye mwenyewe atalalamika kwamba njia hii inamchosha na anajiona hajui kitu. Atajiona hivyo kwa sababu sasa anapimwa kila jioni, na zamani alikuwa akijipa moyo tu kwa kusoma.

Leo usiku tengenezeni kachumbari pamoja. Usimwambie chochote kuhusu Biolojia. Atie chumvi yeye, mliache bakuli, mle, mwone maji. Mwulize tu yametoka wapi, na akisema hajui, mwache alale nalo. Kesho, kabla hajafunga kamba za viatu, mwulize tena habari za ule mche. Kisha niandikie alivyokujibu, kwa maneno yake mwenyewe.